Bi Mwalimu wa Nukta Sita

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Kikwajuni bila ya kujua nakwenda wapi. Kwangu mimi hilo halikuwa jambo geni. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabarani, na tokea hapo nimekuwa mtu wa kufuata kinachopita. Nilishachukua mizigo bandarini, nikaanika karafuu mashamba, nikapaka chokaa majumba ya watu Shangani, na kila kazi niliiacha siku nilipoona nimeshaielewa. Siku hiyo nilikuwa na shati la pili ndani ya kifurushi, basi. Miguu ikanipeleka Darajani, mahali yalipokuwa yakisimama magari ya kwenda shamba.

Pale nikamkuta Bi Mwalimu amekaa juu ya mfuko wake, anatafuna tambuu na kugombana na utingo. Utingo alitaka mfuko nao ulipiwe nauli kwa vile ulivyokuwa mkubwa. Bi Mwalimu akamwambia ndani yake mna maneno tu, na gari hii tokea asubuhi inabeba maneno ya utingo bure. Utingo akaona bora aende akapange makanda ya watu wengine.

Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Sijui, Bi Mwalimu."

"Basi unakwenda Uroa. Chukua mfuko."

Jina lake alikuwa nalo, na bila shaka wakubwa wa Kikwajuni walilijua, lakini sikupata kumsikia mtu akilitaja. Alikuwa Bi Mwalimu kwa kila mtu, hata kwa muuza kahawa aliyekuwa akimpitishia kikombe dirishani kwa siri, maana katika miaka ile ya hamsini mwanamke mtu mzima hakuonekana akinywa kahawa ya mtaani. Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto wasioona kusoma kwa vidole. Nami nilikuwa jirani yake, mtu asiye na saa za kazi, kwa hivyo nilikuwa nikiingia na kutoka darasani mwake kama paka.

Darasa lenyewe lilikuwa ghala la karafuu, mtaa wa Malindi, aliloazimwa na tajiri mmoja kwa miezi ambayo halina mzigo. Watoto walirudi makwao wananukia kama pilau. Herufi zao zilikuwa nukta, na nukta zote sita, zimepangwa safu mbili kama vifungo vya koti la askari. Mtoto anabana karatasi ngumu ndani ya kibao chenye vidirisha, anaichoma kwa msumari butu, anaigeuza, kisha anapapasa vijinundu vilivyotokeza upande wa pili. Mtu mwenye macho akiitazama karatasi ile anadhani imeliwa na wadudu.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja kwa mtu yeyote. Hapokei mtoto peke yake. Lazima mtu mmoja wa nyumba ile ajifunze naye, na ajifunze kwa vidole. Akisema kwamba mtoto akijua kuandika na nyumbani hakuna wa kumsoma, basi umemfundisha kuzungumza na ukuta.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka Uroa. Gari ilipoanza kwenda alinieleza, tambuu shavuni. Kulikuwa na mtoto wa kike asiyeona, Kazija, hajafika umri wa kuwekwa ndani kama mwari, ana akili kama wembe, na baba yake, Bwana Pandu, hataki aje mjini kusoma. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba mtoto ataandika maandishi ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuyasoma. Leo ataandika abjadi, na kesho? Msichana akimwandikia mwanamme, nani atamsomea baba mtu? Bi Mwalimu alishakwenda kwao mara mbili. Mara ya pili alikwenda na kibao, akamfundisha Kazija herufi za mwanzo, na mtoto akazishika kwa mchana mmoja. Kisha akamkalisha mama yake, Bi Mize, ajifunze yeye ili awe msomaji wa nyumba. Bi Mize alipapasa mpaka akatoka jasho, hakusikia kitu. Alikuwa mpiga makumbi. Wanawake wa Uroa hufukia makumbi ya nazi ufuoni mpaka yakaoza, kisha huyafukua na kuyaponda kwa magongo wapate usumba wa kusokota kamba. Vidole vya mtu aliyefanya kazi hiyo tokea utotoni havisikii nukta ya karatasi.

"Na akikataa tena leo?" nikamwuliza.

"Leo ndiyo mwisho. Mwaka ujao wanamweka ndani, simpati tena." Akatema tambuu nje ya gari kwa ustadi mkubwa. "Atabaki kusokota kamba na yeye."

Hakusema zaidi, akasinzia. Mimi nilibaki nimepakata mfuko na kumfikiria, maana ni mtu ambaye ukimfikiria huishi kucheka.

Alikuwa mkali kwa uwongo wa watoto, na yeye mwenyewe alikuwa mwongo wa kiwango cha juu, ila uwongo wake ulikuwa na kazi. Chukua mfano wa namna maandishi yale yanavyokwenda. Ukiyaandika unaanzia kulia, kwa kuwa unachoma nyuma ya karatasi. Ukishaigeuza, unayasoma kuanzia kushoto. Walipokuja mashekhe wa mtaa kuona kama watoto hawafundishwi mambo ya kigeni, Bi Mwalimu aliwaonyesha mtoto akiandika, msumari unatoka kulia kama wanavyoandika wao chuo cha Kurani, nao wakaondoka wameridhika. Alipokuja ofisa wa Kizungu, alimwonyesha mtoto akisoma, kidole kinatoka kushoto. Ofisa naye akaridhika. Nilimwuliza ingekuwaje kama wangekuja pamoja. Akasema ndiyo maana hakuwaalika pamoja.

Karatasi ngumu zilikuwa adimu, kwa hivyo kila mwaka ulipokwisha alipita maduka ya mjini kuomba kalenda kuukuu. Zilikuwa nene, safi kwa nyuma, zinafaa sana. Mbele zilikuwa na picha. Siku moja shekhe mmoja aliyekuja kusikiliza alimkuta mtoto amekamata ukurasa anasoma adabu za mtoto kwa wazee wake, kwa sauti nzuri, na upande ule unaomtazama shekhe yuko mcheza filamu wa Kihindi, nywele wazi, amelalia mto. Shekhe akageuza uso, akamwuliza Bi Mwalimu kitu gani kile.

"Mtoto haoni, shekhe," Bi Mwalimu akamjibu kwa adabu zote. "Anayeangalia ni wewe."

Watu waliomvuta mtoto asiyeona kwa mkono, kama wanapeleka mbuzi mnadani, aliwagombeza njiani, mbele za watu, hata kama hajuani nao. Mtoto ashike yeye kiwiko chako, akisema, na wewe utembee. Lakini miwani yake ilikuwa minene na imefungwa kwa uzi, na jua la Darajani likimpiga usoni alikuwa haoni kitu. Hapo alimkamata mtu yeyote aliye karibu kwa nguo, bila ya kumwuliza, na kumburura mpaka ng'ambo ya barabara. Nilishaburutwa mara nyingi.

Wazazi waliokuwa wakiwalisha watoto wakubwa kwa mikono yao aliwaita siku moja ghalani, akawapikia wali na changu wa kukaanga, samaki mwenye miba. Kisha akawafunga macho kwa kanga, wote, akawaambia wale. Watoto akawakalisha ubavuni mwao wawaelekeze. Nilikuwepo. Nimeona harusi na maulidi mengi, lakini sijaona karamu kama ile. Watu wazima wanatia vidole katika sahani za wenzao, mmoja amepaliwa, mwingine amemshika mtoto wake mkono na kuuliza mwiba uko wapi, na mtoto anamjibu taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Fuata uti, mama. Usiparamie."

Kwa hayo yote, mwenyewe alikuwa mdanganyifu. Aliyemgundua ni Masoud, mtoto mmoja wa Kikwajuni, mchokozi kweli. Bi Mwalimu alikuwa akisoma mbele yao huku kidole kikitembea juu ya ukurasa, na kila akisoma alitaka dirisha liwe wazi. Siku moja Masoud akaenda polepole akalifunga. Ghala likawa giza. Bi Mwalimu akaanza kukohoa, akakwama, akasema lifunguliwe kwa kuwa kuna joto.

"Bi Mwalimu," Masoud akamwuliza, "vidole navyo vinasikia joto?"

Hapo darasa zima likamjua. Alikuwa akisoma kwa macho siku zote, anazitazama nukta na kutembeza kidole kama mapambo. Hakumpiga, wala hakumtoa nje. Aliondoa miwani, akaiweka mezani, akamwambia Masoud akae mbele yake amfundishe. Kwa miezi iliyofuata tulimsikia akikosea kuliko watoto wote, na Masoud akimgombeza kwa maneno yake yeye mwenyewe.

Mama yake Masoud naye ana kisa chake. Watoto walipangwa wasome mbele ya wageni, na Masoud alikuwa ameandika ukurasa mzima juu ya mama yake. Mama mtu, kwa furaha, hakutaka mwanawe aonekane na karatasi iliyokunjamana. Usiku akawasha pasi ya mkaa, akaipiga ile karatasi mpaka ikalala kama kanzu ya Idi. Asubuhi Masoud akasimama mbele ya wageni, akaweka vidole, na akakuta karatasi tupu. Akaipapasa juu mpaka chini. Kisha akasoma yote kwa moyo, na kwa kuwa hapakuwa na nukta ya kumwambia maneno yamekwisha, akaendelea mbele, akawaeleza wageni mahali mama yake anapomficha baba yake halua. Wageni wakapiga makofi. Baadaye Bi Mwalimu alimchukua yule mama pembeni, akampa kurasa mbili apapase, moja ya kawaida na moja iliyopigwa pasi. Mama akapapasa, akarudia, akaziba mdomo.

"Kumbe nimemfuta mwanangu maneno yake," akasema.

Bi Mwalimu akamwambia asijali, kwani ukurasa uliofutwa ulikuwa mrefu kuliko ulioandikwa.

Basi tukafika Uroa, jua limeshapanda. Bwana Pandu alikuwa barazani na wenziwe watatu, wanacheza karata. Alisimama kwa heshima, akatukaribisha, akaagiza maji na madafu. Alikuwa mtu mzuri wa maneno, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawa. Bi Mize akaitwa kutoka ufuoni, akaja na harufu ya makumbi, na nyuma yake Kazija, ambaye alimtambua Bi Mwalimu kwa mburuzo wa makubadhi kabla hatujasema neno.

Tulipokaa ukumbini Bwana Pandu alirudia aliyokwisha kuyasema. Hakatai elimu. Lakini baba hawezi kukaa anatazama karatasi ya mtoto wake kama mbuzi anavyotazama msahafu.

Nilitegemea Bi Mwalimu ataanza vita. Akasema, "Nshakubali, Pandu. Bila ya msomaji wa nyumba simchukui. Kanuni yangu na yako ni moja. Ila kwanza nataka mtoto mwenyewe akague mikono, nisije nikaondoka na lawama."

Hapana aliyeona ubaya. Kazija akapita mkekani kwa magoti, akashika mikono ya mama yake. "Sugu," akasema. Akashika ya bibi yake. "Sugu, na mipasuko." Kulikuwa na mjomba wake, mvuvi. "Huyu nshamjua kwa shombo," akasema, na mjomba akacheka. Kisha Kazija akakaa kitako. Bi Mwalimu alikuwa akitazama darini kama anahesabu boriti.

"Kabaki nani?" akauliza.

Bwana Pandu akasema amebaki mwenye nyumba.

"Na mwenye nyumba hana mikono?"

Wale wenziwe wa karata walishasogea mlangoni. Asingeweza kukataa. Akanyoosha mkono, na Kazija akaushika, akaugeuza, akaminya ncha ya kila kidole taratibu, kisha akaurudia tena kama asiyeamini.

"Laini," akasema. "Laini kama mkate wa boflo."

Mmoja wa wale watu mlangoni alicheka mpaka akakaa chini. Bi Mize aliuma upindo wa kanga. Uroa nzima ilijua Bwana Pandu anafanya kazi gani, yaani ilijua kwamba haijui, lakini hapana aliyewahi kulisema mbele ya mgeni. Nikaona shingo yake inavimba. Nilijua akisimama tu, yamekwisha. Mtoto atabaki Uroa, na Bi Mwalimu hatakanyaga tena nyumba ile. Nilijiambia leo bibi huyu ametia chumvi nyingi.

Yeye akatoa kibao mfukoni, akampa Kazija.

"Mwandikie mwanamme," akamwambia. "Yeyote unayemtaka."

Bwana Pandu akageuka kwa ghafla, lakini Kazija alishaanza kuchoma, tik, tik, karibu na sikio lake. Hakuchukua muda. Bi Mwalimu akaichomoa karatasi, akaigeuza, akaiweka juu ya goti la Bwana Pandu.

"Papasa. Kidole cha shahada. Usitazame."

Nadhani alipapasa kwa hasira tu, ili aseme hakuna kitu. Kidole kikasimama.

"Mbili," akasema. "Zimesimama moja juu ya nyingine. Hapa iko moja, peke yake. Kisha mbili tena." Akasogeza. "Kisha moja."

"Mbili ni be. Moja ni a," Bi Mwalimu akamwambia.

Midomo ya Bwana Pandu ilicheza. Alirudi mwanzo, akapita tena, safari hii pole zaidi, kisha akaondoa kidole na kukitazama kana kwamba amekiazima. Neno lenyewe hakulisema kwa sauti. Alimtazama mtoto wake.

"Umenisoma?" Kazija akauliza.

"Nimekusoma."

Hapo Bi Mwalimu akajua asicheke. Akageukia wale watu mlangoni, akawaambia kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba pwani yote hii hajapata kidole kinachosikia namna ile mara ya kwanza, kwamba vidole kama hivyo haviharibiwi kwa makasia na kamba, na kwamba mjini vinatafutwa. Mtu aliyecheka mpaka akakaa chini akaanza kutazama viganja vyake mwenyewe. Bwana Pandu akaiweka kofia sawa.

Bi Mize ndiye aliyemaliza. "Kumbe miaka yote hii," akasema, "nilikuwa namtunzia mwanangu hiyo mikono."

Gari ilikuwa inarudi mjini saa tisa, na Bi Mwalimu hakumpa mtu nafasi ya kuliweka jambo mpaka kesho. Bwana Pandu alijaribu mara moja tu. Aliuliza nani atamfanyia kazi zake atakapokuwa mjini na mtoto. Bi Mize akauliza kazi zipi. Basi akaenda kutafuta kanzu ya pili.

Niliwasindikiza mpaka garini. Kazija alipanda ameshika kiwiko cha baba yake. Bwana Pandu alikaa dirishani, ameshaanza kumweleza utingo kwamba anakwenda mjini kwa kazi ya vidole. Bi Mwalimu akanipokea mfuko na kunisukumia tambuu mkononi. Nilimwambia mimi nabaki, Uroa sijapata kuiona. Akanitazama kupitia miwani ile minene.

"Kaa mpaka uielewe," akasema. "Halafu uondoke kama kawaida yako."

Sikumwona tena. Kabla ya mvua za masika nilivuka kwenda Tanga, na niliporudi Unguja miaka mingi baadaye ghala lilikuwa limejaa karafuu na Kikwajuni hakuna aliyejua kuniambia alihamia wapi.

Gari ilipopotea kwenye mikoko na mavumbi nilirudi barazani, mahali palipobaki wale watu watatu na karata zao. Mchezo wao ulikuwa wa watu wanne. Walikuwa wameshazigawa, fungu la nne limelala peke yake, na wanalitazama.

Mkubwa wao akaniuliza kama nacheza. Nikasema nacheza. Hakunipa karata. Aliushika mkono wangu, akaugeuza juani, akapitisha dole gumba juu ya sugu za bandarini, moja baada ya moja, bila ya haraka.

"Huyu hachukuliwi mjini," akawaambia wenziwe.

Akaita ndani waniletee jamvi na mto, kisha akanisogezea karata.